Gavana Aliyesema Itifaki Imezingatiwa

Watu wa Kaunti ya Rigena wana ugonjwa mmoja ambao hauna dawa hospitalini, nao ni kupenda kutambuliwa. Mtu wa Rigena akienda harusini, matangani, au hata kwenye mkutano wa kugawa mbolea, haendi kwa ajili ya bibi harusi wala marehemu wala mbolea. Anakwenda kungoja ile dakika mwenye kipaza sauti atakapotaja jina lake na kusema, "Simama watu wakuone." Naye atasimama, atapunga mkono, ataketi. Baada ya hapo hata mvua ikinyesha na hema likaanguka, yeye shughuli yake imekwisha na anaweza kwenda nyumbani.

Kerubo alizaliwa huko, akalelewa huko, akatambuliwa huko mara nyingi tu kanisani kwa kuongoza darasa, na bado akasahau. Tusimlaumu sana. Alikuwa amekaa Durban miaka saba akisomea shahada ya uzamivu ya uuguzi na kufundisha vipindi vichache chuoni, na Durban ilikuwa imeanza kumfundisha kuwa na haraka. Alipanga chumba cha uani kule Morningside kwa bibi mmoja mwenye mbwa wawili. Mbwa wale walimchukia tangu siku ya kwanza na hawakuwahi kubadilisha msimamo.

Alichokitaka Kerubo kilikuwa kimoja: kurudi nyumbani. Hakutaka kurudi mikono mitupu, aulizwe na kila shangazi kwamba hizo shahada zinaliwa na nini. Alitaka kurudi na kazi. Na kazi ilikuwepo. Gavana wa Rigena, Mheshimiwa Josiah Matundura, alikuwa anajenga chuo cha wauguzi, na alimwahidi Kerubo kwa kinywa chake kwamba atakuwa mkuu wa kwanza wa chuo hicho. Mama yake Kerubo aliposikia, alipaka chumba cha binti yake rangi ya maziwa, akawatangazia akina mama wa kanisa kwamba mwanawe anarudi Agosti. Kwa hiyo kiti cha gavana kikitikisika, ni Kerubo atakayeanguka.

Na kilikuwa kinatikisika kidogo, mwanzoni mwa mwaka huo wa 2015. Upinzani katika bunge la kaunti ulikuwa umeandaa hoja ya kumwondoa gavana, lakini kura hazikutosha. Zingetosha tu kama wawakilishi wa chama chake mwenyewe wangemgeuka, na hao hawakuwa na sababu ya kumgeuka. Wadi zao zilikuwa na lami, maji na zahanati zenye dawa. Hata hivyo gavana aliona ni busara awaweke karibu, akawachukua tisa kati yao, wale wenye sauti, akaja nao Durban mwezi wa Februari kwa safari ya mafunzo. Wangejifunza masoko yanavyosafishwa na maji yanavyotibiwa.

Gavana Matundura alikuwa mhandisi wa maji kabla ya siasa, na ukimtazama vizuri utasema bado alikuwa mhandisi wa maji. Alipenda bomba lililonyooka. Hakupenda hotuba, hakupenda kungoja, hakupenda mtu anayesema "kabla sijasema mengi" kisha akasema mengi. Alimwita Kerubo kwenye nyumba ya wageni walikofikia, hapo hapo Morningside, wakanywa chai barazani.

"Daktari," alimwambia. Kerubo hakuwa bado daktari, tasnifu ilikuwa kwa watahini, lakini hakuona haja ya kumsahihisha. "Jumamosi tuna chakula cha jioni na Wakenya wa hapa. Wewe ndiwe mfawidhi wa sherehe. Hebu niambie, huku wanafanyaje mambo ya salamu? Nyumbani nikianza kutambua watu, chai inapoa, pilau inapoa, mwisho na mimi mwenyewe napoa."

Kerubo akacheka. "Huku wamemaliza hiyo kazi, mheshimiwa. Mtu anasimama, anasema itifaki imezingatiwa, anaingia kwenye hoja. Sentensi moja."

"Sentensi moja?"

"Moja tu."

Gavana aliweka kikombe chini. "Na hakuna anayekasirika?"

"Akasirike nani? Wote si wametambuliwa kwa mpigo?"

Alikuwa ameiona hiyo kwenye semina zaidi ya mia, na kila mara aliipenda. Gavana naye aliipenda papo hapo. Aliirudia polepole, akiionja: itifaki imezingatiwa. Alimshukuru Kerubo hadi getini, na Kerubo akateremka barabara ile ya kilima akiwa amevimba kichwa, akijiona mshauri wa serikali.

Jumamosi asubuhi alimpeleka Tiffany kwa Marcelline kusukwa. Tiffany alikuwa mwakilishi wa kuteuliwa, mdogo kuliko wote katika msafara, na ndiye pekee aliyeuliza maswali ya maana kule kwenye mtambo wa maji. Marcelline alikuwa Mkongo wa Bukavu mwenye saluni ndogo kule Point, chini ya maghorofa ya zamani yanayotazamana na bandari. Kwa miaka saba alikuwa amesuka kichwa cha Kerubo na kusikiliza kila kilichokuwemo. Kaka yake mdogo, Cédric, alikuwa na meza ya simu mlangoni na kamera ya kupigia harusi, na ndiye aliyekodiwa kupiga video ya jioni ile.

Nywele zilipokwisha, Tiffany alisimama mbele ya kioo. Akaketi. Akasimama tena, akageuka robo, akapunga mkono, akaketi. Kisha akamwita Cédric amwambie akisimama vile uso utaingia kwenye picha au utazibwa na mtu wa mbele.

"Huyu anaenda kuolewa?" Marcelline aliuliza.

"Hapana mama," Tiffany alijibu. "Naenda kutambuliwa. Nimeambia watu wote nyumbani waangalie video. Wananiita maua ya bunge, eti niliteuliwa nijaze kiti. Leo wataona."

"Iko vizuri," Marcelline alisema, akamnyoosha kola. "Ukisimama, usiharakishe kukaa."

Kerubo alikuwa kwenye benchi akijibu ujumbe wa mtu wa ukumbi kuhusu viti. Alisikia kila neno na halikumwingia hata moja.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa fulani kule Queensburgh, wenye feni mbili zilizozunguka kwa kujionea huruma. Wakenya wa Durban walikuja kwa wingi: wahadhiri, wanafunzi, mhasibu mmoja, na daktari wa usingizi ambaye hakuna sherehe aliyoikosa. Kulikuwa na mbuzi wa kuchoma, chapati, na spinachi iliyokatwa nyembamba ili ijifanye sukumawiki. Wawakilishi tisa walikaa meza ya mbele katika suti walizonunua mjini wiki ile. Katikati yao alikaa Billy Onkoba, kiranja wa chama, tumbo limetangulia, miwani mipya puani. Billy ndiye aliyewashika wenzake wasitie sahihi hoja ya upinzani. Billy akikohoa, wenzake wanane wanatafuta maji.

Kerubo alimkaribisha gavana. Gavana akasimama, akashika kipaza sauti, akatabasamu.

Meza ya mbele ikajiandaa. Makoti yalivutwa, vifungo vikafungwa, koo zikasafishwa. Billy, kwa kuwa kwa cheo ndiye wa kwanza, alikuwa tayari amesukuma kiti nyuma na kuinuka nusu.

"Mabibi na mabwana," gavana alisema, "itifaki imezingatiwa. Sasa, kuhusu maji."

Billy alibaki hapo katikati, hajasimama na hajaketi, magoti yamepinda, kamera ya Cédric ikimtazama. Kwa kuwa alikuwa mwanasiasa alijua kwamba mtu akiinuka lazima awe anakwenda mahali. Akageuka, akatembea hadi meza ya maji, akajimiminia glasi ambayo hakuihitaji, akainywa yote akiutazama ukuta. Mkono wa Tiffany ulikuwa umefika usawa wa bega. Akaugeuza, akajipapasa nywele.

Gavana alizungumza dakika kumi na mbili, na zilikuwa dakika nzuri. Alieleza, akachekesha, akaketi. Wakenya wa Durban walipiga makofi mpaka mlio wa feni ukamezwa. "Hatimaye kiongozi anayeheshimu muda wa watu!" alipaza sauti daktari wa usingizi, mdomo umejaa mbuzi. Kerubo aliangalia ukumbi ule wenye furaha na chakula cha moto na akasema moyoni: hii ni kazi yangu.

Kwenye gari la kurudi, Marcelline, aliyekuja kama mgeni wake, alianza walipofika taa ya tatu ya barabarani.

"Ma sœur, wale watu wa gouverneur wako, uliona namna walikula?"

"Walikula vizuri tu. Sahani zilirudi tupu."

"Walikula kama watu ya kilio," Marcelline alisema. "Hakuna mwenye aliongea. Mi siyuwe politique ya Kenya, lakini kilio minayuwa."

Kerubo akamwambia aache hofu za Bukavu, hapa watu wamestaarabika. Ndivyo alivyosema, na aliamini.

Jumapili asubuhi alipitia kwenye nyumba ya wageni kuwapeleka kanisani. Wawakilishi walikuwa mezani wakinywa chai.

"Itifaki, nipitishie sukari," alisema mmoja.

"Chukua, Itifaki mwenzangu."

"Itifaki Kiranja, umeamkaje?"

"Nimezingatiwa," Billy akajibu, akipaka mkate siagi.

Kerubo alicheka. Akaona anacheka peke yake. Tiffany hakuinua macho kutoka kwenye simu, na macho yenyewe yalikuwa mekundu. Billy akafuta mikono, akamwomba Kerubo watoke nje kidogo, penye maua.

"Daktari, mimi nina mama," alianza. "Macho yake yanafifia. Nilimwambia ataniona kwenye video nikisimama Durban, mbele ya maprofesa, nikitajwa. Wamekusanyika nyumbani kwake tangu jana usiku kungoja. Huyo kijana wa kamera amenitumia hiyo video. Unajua mama ataona nini? Ataona matako yangu yakienda kwenye maji."

Kerubo aliuma mdomo ili asicheke, kisha akagundua kwamba hana tena hamu ya kucheka.

"Lami tumepata, sikatai," Billy aliendelea. "Zahanati tumepata. Lakini lami haikujui jina. Mimi nimemshikia huyu mtu chama kwa miaka miwili, nimetukanwa kwa ajili yake. Nyumbani kuna karatasi inangoja sahihi yangu. Nimeikataa mara mbili. Hebu niambie, wewe uliyesoma. Mimi ni mtu, au mimi ni itifaki?"

Akarudi kumalizia chai. Kerubo alibaki kwenye maua. Alikiona kile chumba cha rangi ya maziwa kikijaa magunia ya mahindi, kwa sababu mama yake hakuwa mtu wa kuacha chumba kikae bure. Watu wote wale walioumia mle ndani, na ushauri ulitoka kwake! Aliona aibu, na juu ya aibu aliona woga, na akamwendea gavana mbio.

Gavana alikuwa akisoma mchoro wa bomba.

"Wamekasirika kwa sababu ya hilo?" aliuliza. "Kweli? Watu wazima?"

"Mheshimiwa, nilikushauri vibaya. Nilisahau nyumbani kulivyo."

"Ulinishauri vizuri sana. Ningekuwa na washauri watano kama wewe, tungekuwa mbali."

Kerubo alimbembeleza. Alimwambia kuhusu mama yake Billy. Alimwambia kuhusu Tiffany na kioo. Gavana hakuwa mtu mwenye moyo mgumu, hilo lazima lisemwe. Alikuwa tu hajawahi kuhitaji kitu hicho, na alishindwa kuamini kwamba wengine wanakihitaji. Mwishowe akakunja mchoro.

"Sawa. Kesho kuna chakula cha mchana cha kuagana, kule Point. Waalike tena watu wako, na yule kijana na kamera yake. Nitawatambua wote tisa, mmoja mmoja. Na kwa kuwa wanataka watambuliwe, nitawatambua vizuri, si jina tu."

Kerubo alitaka kumbusu mkono. Alilala usingizi mzuri.

Chakula cha mchana kilikuwa kwenye mkahawa wa ghorofa mpya karibu na maji, meza nje, jua kali, upepo ukiinua vitambaa. Wawakilishi walikuja na suti zile zile. Habari ilikuwa imewafikia. Billy alikuwa amemnunulia Cédric soda mbili. Tiffany alikaa mwisho wa meza mahali ambapo hakuna wa kumziba. Kerubo alimkaribisha gavana, na safari hii alisema waziwazi kwamba mheshimiwa angependa kuwatambua viongozi alioandamana nao. Billy akafunga kifungo cha koti.

"Asanteni," gavana alisema. "Nimefikiria sana nianze na nani, nikaona nisipendelee. Nitafuata alfabeti ya majina ya wadi. Alfabeti haina ukoo."

Kerubo alimtupia Billy jicho.

"Wadi ya Amabuko." Akasimama mwakilishi mgeni kabisa, aliyeingia kwa uchaguzi mdogo mwezi wa Novemba, ambaye hata yeye alishangaa. Billy alikuwa wa Wadi ya Tombe. Alifungua kile kifungo cha koti. "Simama watu wakuone. Huyu bado ni mpya, hana makosa mengi."

Watu wakacheka. Gavana akafurahi kwamba wamecheka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa kuwa mtu asiyezoea kuchekesha akipata kicheko kimoja hujiona ameiva.

"Wadi ya Bokimai. Simama. Daraja lako limefika nusu, na linasimama hapo kwa sababu fundi ni shemeji yako, sivyo? Keti, tutaongea." Kicheko. "Wadi ya Chitago. Simama. Huyu bwana kwenye mtambo wa maji alilala kwenye basi. Lakini hakukoroma, nampongeza."

Kerubo alikohoa. Alikohoa tena, kwa sauti. Mhudumu mmoja akamletea maji. Alimpa gavana ishara ya mkono kwamba afupishe, gavana akaielewa kuwa anamtia moyo. Meza zote zilikuwa zinacheka, Wakenya wa Durban walikuwa wanagongana mabega, na hata wahudumu ambao hawakujua Kiswahili walikuwa wanatabasamu. Walioambiwa wasimame walisimama na kuketi kama watoto mbele ya mwalimu mkuu.

"Wadi ya Tombe. Kiranja wetu! Alhamisi tulimpoteza, tukamtafuta soko zima, tukamkuta kwenye duka la viatu. Simama, Billy. Watu wavione."

Billy alisimama. Alivionyesha, hata akainua mguu mmoja kidogo, akacheka na wote. Kerubo alikuwa karibu naye na aliona mishipa ya shingo yake ilivyosimama.

"Na mwisho," gavana alisema, akitafuta kwa macho, "Tiffany, ambaye hana wadi."

Tiffany hakugeuka robo wala hakupunga mkono. Alisimama wima, akakaa upesi.

Gavana aliposhuka alimnong'oneza Kerubo, "Umeona? Wamefurahi sana." Uso wake ulikuwa unang'aa kwa wema. Video ya Cédric ilikuwa Rigena kabla ndege yao haijafika Nairobi, na katika soko la Tombe kila mtu aliyevaa viatu vipya aliombwa asimame watu wavione.

Hoja ililetwa bungeni baada ya wiki mbili. Mtoa hoja alikuwa wa upinzani, na aliyeiunga mkono wa kwanza alikuwa Billy Onkoba. Wale tisa wote walipiga kura ya ndiyo, na kila mmoja alikuja na rafiki zake. Mashtaka yalikuwa marefu: sheria za ununuzi, kutoshirikisha viongozi, bajeti ya barabara. Redioni wachambuzi walieleza kwa nini gavana amepoteza chama chake. Mmoja alisema ni koo. Mmoja alisema ni zabuni. Mmoja, aliyeitwa profesa, alisema ni hesabu za uchaguzi wa 2017, na akachora mishale ambayo haikuonekana redioni. Kerubo aliwasikiliza wote akikunja nguo kwenye chumba cha uani, na kila mmoja alipomaliza alisema kwa sauti, "Uongo." Mbwa wa nje walimbwekea.

Seneti ikakubaliana na bunge. Jioni ile gavana mwenyewe alimpigia.

"Daktari, wewe ni mtu mkweli. Nilikosea wapi?"

Kerubo alifungua mdomo. Alitaka kumwambia, kwa kweli alitaka. Aliona jinsi atakavyouliza, "Kwa ajili ya viatu?" na jinsi atakavyokaa na jibu hilo maisha yake yote, mtu aliyechimba visima vile vyote.

"Ni siasa tu, mheshimiwa," alisema.

"Ndivyo wanavyoniambia," gavana alijibu. "Nikushukuru kwa Durban. Zile ndizo siku nilizofurahi na wenzangu."

Alilia baada ya simu hiyo, si kidogo. Kisha akanawa uso, akakaa kitandani, na akamwandikia pongezi Naibu Gavana Ongwacho, ambaye ndiye angeapishwa. Maseneta walikuwa hawajafika hata kwenye magari yao. Msimhukumu, mama yake alikuwa ameshanunua pazia.

Ongwacho alikuwa mtu wa aina nyingine. Hakuwahi kukosa matanga, na alijulikana kwa kutambua watu mpaka watoto wachanga mgongoni. Alijibu siku hiyo hiyo: "Daktari Kerubo, wewe ni wetu. Mkuu wa chuo nitamtangaza siku ya kuapishwa. Sikiliza redio Jumanne."

Jumanne Kerubo alikuwa kwenye kiti cha Marcelline, nusu ya kichwa imesukwa, simu kwenye kaunta ikinguruma redio ya nyumbani. Alikuwa amemwambia Marcelline amtengeneze vizuri, maana safari imekaribia. Cédric aliongeza sauti.

Gavana mpya alianza kutambua watu. Alitambua maaskofu. Aliwatambua wazee, machifu, wakuu wa shule, timu ya mpira wa miguu na kocha wake wa zamani. Alimtambua Tiffany, "kinara mpya wa kamati ya afya," na makofi yalikuwa makubwa mpaka Kerubo, bila kutaka, akatabasamu. Alimtambua mama yake Billy, akamwomba asiinuke, watu wamwendee yeye. Nusu saa ikapita, hajasema neno moja la serikali.

"Huyu iko anajua kazi," Marcelline alisema. "Kichwa chini, ma chérie."

"Nyamaza, nyamaza. Sasa anafika kwa chuo."

"Na sasa," ilisema redio, "naomba nimtambue mkuu wa kwanza wa chuo chetu cha wauguzi. Mtu mnyenyekevu, mtu wa watu." Kerubo alinyoosha mgongo. Mkono wake ulienda wenyewe kwenye ile nusu ya kichwa ambayo haijasukwa. "Ni mke wa kiranja wetu, mke wa Billy! Simama, mama, watu wakuone!"

Vigelegele vikajaa saluni. Marcelline aliacha mkono hewani, uzi wa nywele umening'inia.

"Huyo ni infirmière, muuguzi?" aliuliza.

"Ana duka la vitambaa," Kerubo alisema.

Redio iliendelea. Ongwacho alitambua wenye bodaboda, akatambua wapishi. Kerubo hakuinuka. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu labda, kwa sababu huenda, angalau jina, hata bila kazi, walau mama yake aliyekuwa pale uwanjani na gauni jipya alisikie likitajwa. Orodha ilipokauka gavana mpya akavuta pumzi. "Na watoto wetu wote walio nje ya nchi," alisema, "ambao muda hautoshi kuwataja."

"Si umeona, amekutaja," Cédric alisema kwa upole. "Amesema wote."

"Wote ni nani?" Kerubo aliuliza. Macho yake kwenye kioo yalikuwa yamejaa machozi. "Amemtaja mpishi wa maharagwe, Cédric. Mpishi wa maharagwe, kwa jina! Mimi nina miaka saba huku."

Marcelline alimwekea mkono begani. Kerubo akajifuta kwa ncha ya kitambaa cha saluni, akavuta pumzi, akanyoosha mkono kuchukua simu. Aliizima redio, akaanza kutafuta namba ya yule wa upinzani aliyeleta hoja.

"Huyu Ongwacho," alisema, "hafiki Krismasi."